Siku Ishirini na Nne za Msimu

Nyegezi, Mwanza
Alhamisi, 3 Julai 2025

Mdogo wangu Nestory,

Malimi anaondoka sasa hivi na gari la mboga, kwa hiyo naandika huku amewasha injini. Tangu simu yako ilipotumbukia mtoni sina njia nyingine ya kukupata. Hata ungekuwa nayo, hapo kambini hakuna mtandao, na kwenye redio ya magari sisemi kitu. Nikikuita kwa redio, madereva wote wa hifadhi watakuwa wameshajua mambo yetu kabla yako. Basi turudi kwenye barua, kama tulipokuwa bweni na Mama hataki salamu za kutumwa kwa mdomo.

Hesabu ni hii. Una makundi matatu mfululizo. La kwanza watu wanne, wameingia leo, wanatoka tarehe 10. La pili watano, tarehe 11 hadi 18. La tatu wawili tu, mume na mke kutoka Denmark, tarehe 19 hadi 26. Wote wanashukia na kupandia uwanja mdogo wa ndege humo humo hifadhini, kwa hiyo hutatoka getini hata mara moja. Siku ishirini na nne.

Najua uliniomba tarehe 14 na 15 uje umwone Mama. Haiwezekani. Revocatus amechukuliwa na kampuni ya Arusha, hakuaga hata kwa ujumbe. Nina magari mawili na dereva mmoja, ndiye wewe. Machi, Aprili na Mei tulipata wageni sita. Sita, Nestory, kwa siku tisini na mbili. Mwenye nyumba ya ofisi hajui masika ni nini. Majirani wakiniona uwanja wa ndege napokea wazungu wanasema Hellen ameula. Hakuna aliyeuliza ni lini mara ya mwisho nilikula mchana nikiwa nimekaa.

Mama alipata homa kidogo wiki iliyopita. Mama mdogo Evelina amempeleka hospitali Sengerema, wanamwangalia. Usiwe na wasiwasi. Wewe wape wageni tabasamu.

Dada yako,
Hellen


Kambini, Serengeti Magharibi
Jumatatu, 7 Julai 2025

Dada Hellen, shikamoo.

Barua nimeipata, inanuka vitunguu. Wageni hawa ni watu wazuri. Kuna baba mmoja kila asubuhi ananiuliza kama simba wamepewa taarifa kwamba tunakuja. Siku ya kwanza nilicheka. Leo siku ya tano nimecheka tena, kwa sababu nalipwa.

Wewe ni mtu wa hesabu, na mimi nina yangu. Mwaka jana nililala nje ya nyumba yangu usiku mia mbili na kumi na moja. Nilipofika nyumbani mwezi wa tano, Gladness wangu, miaka minne, alinishika mkono akasema, "Shikamoo anko." Mama yake akacheka ili nisilie. Jioni nikishuka kwenye gari nashika mlango kwanza, nainama kama nafunga kamba za viatu, wageni wasione mgongo unavyogoma kunyooka. Hayo nayabeba. Silalamiki.

Nina ombi moja. Unaijua desturi yetu madereva: mwenye wageni ndani ya gari hapewi habari ya msiba mpaka wageni washuke. Wazee wa kazi waliianzisha baada ya mwenzetu kupewa habari ya mke wake asubuhi, na mchana akapindua gari na watu sita. Ukiisikia ni desturi nzuri. Lakini mwaka juzi mtoto wa Masalu alifariki. Sisi tulijua Jumatatu, Masalu alikuwa na wageni mpaka Ijumaa. Siku nne nilikula naye sahani moja, nikamtania jinsi timu yake ilivyofungwa. Tulipomwambia hakulia. Aliniangalia mimi peke yangu akasema, "Nestory, hata jana uliponiomba chumvi ulikuwa unajua?" Mpaka leo ananipa mkono tukikutana, lakini hakai meza niliyokaa mimi.

Kwa hiyo kama ni Mama, usinifanye nilivyomfanya Masalu. Homa kidogo hailazi mtu hospitali. Niandikie ukweli. Mimi naweza kuendesha nao, na nitakuja hata kwa nusu siku.

Mdogo wako,
Nestory


Wodini, Sengerema
Jumatano, 9 Julai 2025

Mwanangu Hellen,

Wamekisogeza kitanda changu dirishani, kwa hiyo nina mwanga wa kuandikia. Muuguzi wa zamu nilimfundisha darasa la tatu. Alikuwa mtoto asiyeweza kufunga mdomo, na leo ndiye ananiambia, "Mwalimu, usiongee sana, pumzika."

Daktari ameniambia ulichokuwa unanificha. Ni ini, na limeshafika mbali. Usimgombeze, nilimwuliza kwa sauti ya darasani, hakuwa na pa kukimbilia. Sina hasira na wewe. Umebeba vingi tangu Baba yenu aondoke, na kazi yako naijua, maana mashuka ya kwanza uliyofua gesti pale Nyegezi ulinionyesha mikono ilivyochubuka.

Nestory asitishwe, amebeba watoto wa watu kwenye gari. Ila ningeomba umpe siku mbili. Si za kuniuguza, Evelina yupo na wauguzi wapo. Nataka nimwone tu anavyoingia mlangoni. Ana ile namna yake ya kuinama kila mlango, hata mlango mrefu. Nikishamwona arudi kwa wageni wake.

Usinijibu kwa simu, inanichosha mkono. Niandikie, nisome taratibu.

Mama yako,
Mwl. Paskazia


Nyegezi, Mwanza
Ijumaa, 11 Julai 2025

Mama, shikamoo.

Nisamehe kwa kukuficha. Nilitaka kwanza nipange mambo.

Nimepanga hivi. Tarehe 2 mwezi huu daktari aliniambia miezi mitatu hadi sita. Nimechukua mitatu, hesabu ile ndogo, nisije nikajidanganya. Miezi mitatu inaisha tarehe 2 Oktoba. Nestory anamaliza tarehe 26 Julai. Hapo katikati zinabaki siku sitini na nane, Mama. Zote atakaa na wewe, na mshahara wake nitautoa kama yuko kazini. Atakuogesha, atakusomea, atainama mlangoni mpaka umchoke.

Nikimtoa sasa, watu watano watabaki porini na gari lisilo na dereva. Wakala anayenipa makundi hana mchezo. Kosa moja tu, mwakani anampa mtu mwingine, na watu wa kumpa wamejaa. Miaka kumi na minne nimejenga hiki kitu, sina mjomba serikalini wala mume wa kunishika mkono. Ngoja kidogo, Mama. Zimebaki siku kumi na tano tu.

Jumapili navuka na kivuko cha asubuhi. Nitakuletea uji wa ulezi, ule usio na sukari.

Mwanao,
Hellen


Nyegezi, Mwanza
Jumamosi, 12 Julai 2025

Nestory,

Umetaka ukweli, huu hapa. Ilikuwa malaria imechanganyika na uzee. Mama ametoka hospitali, yuko nyumbani Kamanga. Anakula. Jana amemgombeza mama mdogo Evelina kwa kuunguza maharage, na Evelina amenuna mpaka jioni. Kama huniamini, naapa kwa kaburi la Baba.

Tarehe 26 wakishapanda ndege tu, njoo moja kwa moja mpaka kwake. Nimekupangia mapumziko marefu, utashangaa.

Usiache kuwapa wageni maji ya kutosha, hili kundi la pili ni wazee.

Dada yako,
Hellen


Kambini
Ijumaa, 18 Julai 2025

Dada Hellen, shikamoo.

Niliposoma barua yako niliketi juu ya tairi la akiba nikacheka peke yangu. Mpishi akaja kuninusa mdomo. Nikamwambia, "Mama yangu amemgombeza mtu," akasema, "Sasa ndiyo ucheke hivyo?" Siku nne kabla ya hapo nilikuwa silali. Nilijiona mjinga kukuandikia habari za Masalu, kana kwamba wewe ungenifanya hivyo. Nisamehe kwa hilo.

Hawa wazee wameondoka leo. Mmoja wao ni bibi aliyekuwa mwalimu kwao. Nilimsimulia Mama yetu anavyosoma na miwani iliyofungwa kwa uzi wa kushonea, akavua yake akanipa. Nikakataa, akasema ana nyingine mbili nyumbani. Nitampa Malimi akija, aipitishe kwako uivushe mpaka Kamanga. Mwambie Mama asianze kusahihisha daftari za jirani.

Kesho nawapokea hao wawili wa Denmark. Zimebaki siku nane. Na mimi nimeanza kuhesabu kama wewe.

Mdogo wako,
Nestory


Kamanga
Jumapili, 20 Julai 2025

Malimi,

Mama ametutoka jana alfajiri, saa kumi na moja. Alilala usiku vizuri pale wodini, Evelina akaenda kuchemsha maji, aliporudi akamkuta kimya. Tulikuwa tunahesabu miezi mitatu. Zilikuwa siku kumi na saba.

Tunazika kesho Jumatatu saa nane mchana. Wajomba walitaka tumsubiri Nestory. Nimewaambia hapatikani. Na wewe shika neno hilo hilo ukiulizwa.

Anao wale wawili tangu jana. Hakuna dereva wa kumbadilisha, na hata angekuwepo, Nestory akijua leo atashika usukani kwa hasira, na hasira hiyo ni yangu mimi. Mwache mpaka tarehe 26, wageni wakishapanda ndege. Desturi ni yenu, mimi nimeiazima tu.

Nyanya za kambi zipo ofisini, boksi tatu.

Hellen


Getini
Jumatatu, 21 Julai 2025 jioni

Dada Hellen,

Pole tena dada. Nakutumia karatasi hii kwa dereva wa basi la Musoma, mimi nalala huku, gari limepata pancha mbili.

Nimemkuta mchana na wageni wake, wamesimama kula. Akaniita kwa mbali, "Mzee wa vitunguu, barua yangu iko wapi?" Nikasema dada yako ana kazi nyingi wiki hii. Akasema, "Na bi mkubwa anaendeleaje?" Nikasema salama. Neno lilitoka lenyewe, hata sikulitafuta. Akanilazimisha nikae ninywe chai. Nimekunywa, dada. Nimekunywa chai ya mtu ambaye sijui nimwangalie wapi.

Amenipa miwani ya marehemu. Ameifunga ndani ya soksi safi isikwaruzike. Nimeiweka mbele ya gari, kila shimo inagonga. Niipeleke wapi?

Mimi nimebeba mayai barabara hii miaka tisa, nimebeba mitungi ya gesi. Mzigo kama huu sijawahi. Nitasubiri tarehe 26 kwa kuwa umesema wewe. Ukinituma tena jambo la namna hii nitakataa, unifukuze tu.

Malimi


Kamanga
Jumatatu, 28 Julai 2025

Hellen,

Malimi hakusubiri ndege iruke. Ilichelewa dakika ishirini, na yeye hakuweza kuzimaliza. Alinivuta nyuma ya gari akaniambia, halafu akakaa chini yeye kwanza, mimi nikawa nimesimama.

Yule mama wa Denmark akaja kuuliza kuna nini. Malimi akamweleza kwa Kiingereza chake. Akauliza, "Lini?" Akaambiwa siku saba zilizopita. Unajua alisema nini? Kwamba Jumanne na Jumatano mume wake aliumwa tumbo, walishinda hemani wanasoma vitabu, na waliniona naosha gari ambalo lilikuwa safi. Akasema, "Ungetuambia ungekwenda. Sisi tungekaa tu. Tulikuwa tumekaa tu." Kisha akaanza kulia, na abiria wenzake wakawa wanatutazama. Nikamshika bega, nikampa maji, nikamwambia asijali, haya ni mambo ya kawaida. Nimembembeleza mgeni kwa msiba wangu mwenyewe, Hellen. Miaka kumi na moja ya kazi imenifundisha hata hilo.

Nyumbani nimekuta wajomba wananiangalia kama mtoro. Mjomba mkubwa ameniambia, "Wenye kazi za wazungu siku hizi hamzikani." Sikuwa najua kwamba walikuwa wameambiwa sipatikani. Mama mdogo Evelina ndiye aliyenieleza jikoni. Akanieleza na la pili. Kwamba Mama aliomba siku mbili. Kwamba barua aliandika mwenyewe, Evelina akaipeleka mpaka kwenye kivuko kwa mkono wake, na jibu lako alimshikia Mama akisoma. Anasema Mama alilikunja vizuri akasema, "Ana hesabu zake, mwacheni."

Nami nina zangu. Kutoka getini mpaka Mwanza ni saa mbili na nusu. Kivuko nusu saa. Kamanga mpaka hospitali kwa pikipiki, dakika arobaini na tano. Weka robo saa ya kusubiri. Jumla muda wa saa nne. Tangu tarehe 3 mpaka Mama anakata roho, Malimi alifika kambini mara tano, na kila aliporudi Mwanza alikuwa na viti vinne vitupu. Masalu alikuwa kambi ya jirani hana wageni, tarehe 9 mpaka 15. Redio uliyokuwa unaiogopa ingemleta kwa dakika kumi. Ulikuwa unaogopa madereva wajue mambo yetu. Wangejua, basi. Wangejua mama wa Nestory anaumwa, wangenipa pole, nikaenda.

Uliapa kwa kaburi la Baba. Jana nimekwenda kuliangalia. Sasa yapo mawili.

Masalu alikuja jana. Alikaa mkeka mmoja na mimi, mara ya kwanza tangu mwaka juzi. Alikaa tu mpaka kivuko cha mwisho.

Funguo za gari nimempa Malimi. Tangi limejaa nusu na kuna pancha moja haijazibwa.

Nestory


Nyegezi, Mwanza
Jumatatu, 25 Agosti 2025

Nestory, mdogo wangu,

Nimekuandikia barua nne nikazichana. Hii nitaituma hata kama ni mbaya.

Wale wa Denmark wametuma picha kwenye barua pepe ya ofisi. Mia nne na kumi na mbili. Wameandika kwamba hawakujua wafanye nini kingine, na kwamba nikupe zote. Kila picha ina tarehe na saa yake. Unanijua, sikuangalia simba wala nyumbu. Nilikwenda moja kwa moja tarehe 21, nikashuka na saa mpaka nikaikuta. Saa nane na dakika saba. Umeegemea boneti, unamimina chai kwenye kikombe cha mtu, na umecheka mpaka meno ya mwisho yanaonekana. Nyuma yako Malimi amekaa, ameinamisha kichwa.

Saa nane na dakika saba ndipo tulipokuwa tukimshusha. Najua kwa sababu padri alichelewa, nikawa naangalia saa.

Nilidhani nakulinda usiumie ukiwa njiani. Hivyo ndivyo nilivyomwambia kila mtu, na mwenyewe nikajiambia. Nikiitazama picha ile naona nilichokuwa nalinda. Nilikuwa nalinda kile kicheko. Ndicho ninachouza, Nestory. Magari wanayo wote, wanyama ni wa serikali. Mimi nilikuwa na kicheko chako tu, na nilikuwa nimekiuza mpaka tarehe 26.

Nilidhani mtu akishapewa miezi mitatu, hiyo ni yake, imeshawekwa mahali, nitaipanga kama ninavyopanga vitanda. Mama aliomba siku mbili nikampa jibu la siku sitini na nane. Hata moja hakuipata. Jumapili ile nilipompelekea uji aliunywa wote, akaniuliza wageni wanaendeleaje. Hakulitaja jina lako. Nikashukuru moyoni kwamba ameelewa.

Kazi nimeisimamisha. Wakala ameshampa mtu mwingine Septemba yote. Magari yamelala yote mawili, na cha ajabu dunia haijasimama, wageni wanaendelea kushuka kwenye ndege.

Jumamosi tarehe 30 tunaweka msalaba wa saruji. Wajomba nimewaambia ukweli wote, mmoja mmoja, hakuna anayekuita mtoro tena. Wanaonisalimia mimi ni wachache. Sikuombi unisamehe kwa karatasi. Naomba tuvuke pamoja siku hiyo. Nitakuwa kwenye kivuko kuanzia saa kumi na mbili asubuhi, nitakungoja mpaka cha mwisho.

Dada yako,
Hellen


Mwanza
Alhamisi, 28 Agosti 2025

Hellen,

Barua nimeipata. Picha baki nazo.

Usinisubiri kwenye kivuko. Mimi, mke wangu na Gladness tutazungukia darajani na gari la Masalu. Tutakuwa kaburini kuanzia saa tatu asubuhi mpaka saa sita. Mafundi nimeshaongea nao, msalaba utakuwa umesimama.

Mama mdogo Evelina anajua.

Wewe njoo saa saba.

Nestory